Karani wa Tanga, mfungwa wa Kamiti na kijana wa Ukerewe

Katika vitabu vingi vya Kiswahili vinavyosomwa mashuleni, maisha ya mwandishi hupewa aya moja nyuma ya jalada: alizaliwa lini, alisoma wapi, ameandika nini. Mwalimu huiruka aya hiyo kwa sababu mtihani hauiulizi. Mwanafunzi naye hukimbilia dhamira, ujumbe, falsafa na msimamo wa mwandishi, na hapo kwenye msimamo ndipo huandika mambo mazito kuhusu mtu asiyemjua hata kidogo. Mwandishi ni mwanamapinduzi. Mwandishi amekata tamaa. Mwandishi ana mtazamo wa kiyakinifu. Mtu huyo alikuwa akilipwa na nani alipokuwa akiandika? Aliandika saa ngapi, baada ya kazi gani? Nani angeweza kumfukuza kazi, au kumtia ndani, kwa sababu ya ukurasa mmoja tu? Hayo hayaulizwi, na naamini kwamba bila hayo tunavisoma vitabu vyetu nusu.

Sisemi kwamba kila riwaya ni maisha ya mwenyewe yaliyobadilishwa majina. Usomaji wa namna hiyo umetuharibia vitabu vizuri, na nitaurudia hapo mbele. Ninachodai ni kwamba maisha ya mwandishi hutufunulia umbo la kitabu: kwa nini amezunguka badala ya kusema wazi, kwa nini ametumia vina au amevitupa, kwa nini mwisho umekuwa ule. Mifano nitaitoa kwa watu ambao kila msomaji wa Kiswahili ameshawasikia.

Tuanze na Shaaban Robert. Alizaliwa mwaka 1909 Vibambani, Machui, karibu na mji wa Tanga, akasoma Dar es Salaam, na mwaka 1926 akaajiriwa na serikali ya kikoloni kuwa karani wa forodha. Alikaa forodhani hadi 1944, sehemu ya muda huo akiwa Pangani. Kisha akapelekwa idara ya mifugo huko Longido, katika nchi ya Wamasai. Mwaka 1946 akarudi Tanga kufanya kazi katika ofisi ya wilaya, na kuanzia 1952 akawa katika ofisi ya upimaji ardhi hadi alipostaafu mwaka 1960. Ni miaka thelathini na minne ya ukarani. Mwaka 1962, mwezi Juni, akafariki. Mtu tunayemwita gwiji na baba wa fasihi ya Kiswahili alipata miaka miwili tu ya kuwa huru na meza ya mwajiri.

Tunazitaja sifa zake na kuusahau ukarani wake, kana kwamba ulikuwa jambo la pembeni. Mimi nauona kila mahali katika vitabu vyake. Chukua Kusadikika, kilichotoka mwaka 1951 mwandishi akiwa bado mtumishi wa serikali. Karama ameshtakiwa mbele ya mfalme kwa kosa la kuwafundisha watu sheria. Mshitaki wake ni Waziri Majivuno, mtu mwenye cheo na sauti. Karama anajitetea kwa siku sita, na katika utetezi wake hainui silaha wala hatukani mtu. Anachofanya ni kukumbusha. Siku ya kwanza anamkumbusha mfalme habari za mjumbe Buruhani, aliyetumwa mashariki, akarudi na mapendekezo ya manufaa, akatiwa gerezani. Siku inayofuata ni Fadhili, aliyetumwa kaskazini. Anaendelea hivyo, mjumbe baada ya mjumbe, hadi wa sita. Kila mmoja alitumwa na serikali yenyewe, akapata tabu njiani, akaleta alichokiona, na serikali ikamwadhibu kwa kukileta.

Aliyewahi kufanya kazi chini ya wakubwa wasiotaka kuambiwa ataitambua hali hiyo mara moja. Hivyo ndivyo mtumishi mdogo anavyomsema mkubwa wake: anafungua majalada, anataja nani alitumwa wapi, akaleta taarifa gani, na taarifa hiyo ikafanywa nini. Hasemi "umekosea", bali anasema "kumbukumbu zinaonyesha". Kusadikika, nchi inayoelea angani, imepewa umbo na mtu aliyeshinda mchana kutwa akinakili maneno ya serikali na kurudi nyumbani usiku kuandika maneno yake mwenyewe.

Mwisho wa kitabu umewaudhi wahakiki wengi wa miaka ya baadaye. Mfalme anakubali, Karama anashinda, wajumbe waliofungwa wanatolewa. Wanauliza ni mfalme gani wa dhuluma anayebadilika kwa kusikiliza hotuba, na wanauita mwisho huo udhanifu. Naelewa hoja yao, lakini nadhani hawakumtazama aliyekuwa anaandika. Karani anayepeleka malalamiko kwa mkubwa lazima amwachie mkubwa mahali pa kukubali bila kuaibika, la sivyo barua haifiki popote, na yeye mwenyewe hana kazi kesho. Mwisho wa Kusadikika umeandikwa kwa adabu hiyo. Ndani ya adabu hiyo amepitisha jambo ambalo mwaka 1951 lisingeweza kusemwa waziwazi na mtumishi wa Tanganyika: kwamba utawala usiowasikiliza watu wake una hatia, na wafungwa wake ndio wenye haki.

Ipo pia Utubora Mkulima, riwaya iliyochapishwa mwaka 1968, miaka sita baada ya mwandishi kuzikwa Machui. Utubora anaacha kazi ya ofisini yenye mshahara mzuri, anarudi kijijini na kushika jembe. Jamaa na marafiki hawamwelewi. Darasani tunaambiwa hii ni dhamira ya umuhimu wa kilimo, na jambo linaishia hapo. Ukiisoma ukijua kwamba aliyeiandika alikuwa amekalia kiti cha karani tangu ujana wake, inabadilika. Unamsikia mtu aliyechoka kuamkiwa kwa cheo kisicho chake, akijiandikia maisha ambayo hakuyapata.

Na hakuyapata kwa sababu alikuwa na watu wa kulisha. Amina, mke wake wa kwanza, alifariki akamwachia watoto, na katika Maisha Yangu ameyaandika hayo pamoja na tenzi mbili za malezi, Utenzi wa Hati kwa binti na Utenzi wa Adili kwa mwana. Huwa tunazifundisha kama mawaidha ya jumla kwa vijana. Lakini tenzi hizo ni maneno ya baba kwa watoto waliofiwa na mama yao, na Utenzi wa Hati unafuata njia iliyofunguliwa karne moja kabla na Mwana Kupona, aliyemtungia binti yake utenzi akiwa mgonjwa na akijua hana siku nyingi. Ukiondoa msiba huo, kinachobaki ni orodha ya fanya hivi, usifanye vile. Ndiyo maana vijana wanazichoka.

Kwa mwandishi mwingine nitapita haraka, ingawa anastahili zaidi. Mohamed Said Abdulla wa Unguja alianza kazi mwaka 1938 katika idara ya afya akiwa mkaguzi, kabla ya kuingia katika uhariri wa magazeti. Baadaye akamuumba Bwana Msa, mpelelezi mwenye kiko chake, anayeingia majumbani mwa watu, anayeuliza maswali yanayoonekana ya kipuuzi na kuona kile ambacho wenye nyumba wamekizoea hata hawakioni tena. Mzimu wa Watu wa Kale ilishinda shindano la uandishi la Afrika Mashariki mwishoni mwa miaka ya 1950, na watu wengi hueleza Bwana Msa kwa kumtaja Sherlock Holmes peke yake. Kufanana kupo. Lakini mkaguzi wa afya wa enzi zile alikuwa na ruhusa ya kuingia uani, kutazama visima na mitaro, na kuuliza nani analala wapi. Sioni sababu ya kwenda London kutafuta jicho la Bwana Msa kabla ya kutazama kazi aliyoifanya mwandishi mwenyewe ujanani.

Sasa twende Mombasa. Abdilatif Abdalla alizaliwa mwaka 1946 katika nyumba ambamo mashairi yalikuwa mazungumzo ya kila siku. Ahmad Nassir, mwenye diwani ya Malenga wa Mvita (Mvita ni jina la zamani la Mombasa), ni ndugu yake. Abdilatif alikuwa akifanya kazi ya uhasibu katika baraza la manispaa. Mwaka 1968 serikali ya Kenya iliwaengua wagombea wa chama cha upinzani, KPU, katika uchaguzi wa serikali za mitaa, kwa madai kwamba fomu zao zilijazwa vibaya. Kijana huyo wa miaka ishirini na miwili akaandika kijitabu kilichosambazwa kwa siri, Kenya: Twendapi? Akakamatwa. Mwaka 1969 akahukumiwa kifungo cha miezi kumi na minane, serikali ikaona ni kidogo, ikakata rufaa, na adhabu ikapandishwa kuwa miaka mitatu. Sehemu kubwa ya muda huo alifungiwa peke yake, katika gereza la Kamiti.

Huko alitunga mashairi kwenye karatasi za chooni, na yakatoka nje kwa siri. Mwaka 1973 yakachapwa kuwa Sauti ya Dhiki. Mwaka uliofuata diwani hiyo ikapewa Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta, yaani tuzo yenye jina la rais yuleyule ambaye serikali yake ilimfunga mtunzi.

Habari ya karatasi za chooni hutajwa kila anapotajwa Abdilatif, na husemwa kama kisa cha kusisimua. Ningependa tuitumie kusomea mashairi yenyewe. Tazama jinsi yalivyobana. Vina vyake havilegei, mizani haipungui, beti zinafungana. Katika Kuno Kunena sauti za k na n zinarudiwa karibu katika kila neno, mpaka ulimi unachoka na kulazimika kwenda polepole. Unapousoma kwa sauti unahisi jinsi ilivyo kazi kunena, na hilo ndilo jambo lenyewe analolilalamikia: kwamba kunena ndiko kulikomfikisha pale. Mtu asiyekuwa na kalamu ya uhakika, wala karatasi ya uhakika, wala hakika kwamba alichoandika leo hakitanyang'anywa kesho, anahitaji shairi linaloweza kukaa kichwani. Vina na mizani hufanya kazi hiyo. Nadhani ndiyo maana kifungo hakikumfanya aachane na kaida za kina Muyaka, mshairi wa kale wa Mombasa. Kilimrudisha kwenye kaida hizo kwa nguvu zaidi. Alikuwa peke yake ndani ya kuta nne, lakini kila ubeti uliofuata arudhi, yaani kanuni za utunzi wa mashairi, ulimweka tena katika baraza la Mvita, mahali ambapo shairi husemwa ili lijibiwe.

Kwa hiyo haishangazi kwamba moja ya tungo zake maarufu humo, Mnazi, ni majibizano. Alii na Badi wanagombania mti mmoja, kila mmoja ana hoja zake, na hoja zinapokezana. Mfungwa asiye na wa kuzungumza naye ametunga mazungumzo. Ukitaka kuuona mnazi ule kuwa ni Kenya na matunda ya uhuru wake, ona, kwa sababu hata yeye ameacha mlango wazi. Mimi kinachonigusa ni kwamba ameandika pande zote mbili kwa haki, hata mpinzani amepewa maneno ya kutosha. Mahakama iliyomfunga haikumfanyia hivyo.

Alipotoka mwaka 1972 alihamia Dar es Salaam, akafanya kazi katika taasisi ya uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu hadi 1979, akaenda London, na baadaye Ujerumani, akafundisha Kiswahili Leipzig mpaka alipostaafu. Diwani moja ya ushairi wa gerezani na miongo ya maisha ya nje ya nchi aliyoiuliza inakwenda wapi. Watu huuliza kwa nini hakuchapisha diwani nyingine nyingi. Majibu ya swali hilo nayo yamo katika maisha yake: kung'olewa katika mji ambao shairi ni sauti ya jirani kwa jirani si jambo dogo kwa mshairi wa aina yake.

Miaka hiyohiyo ambayo mfungwa wa Kamiti alikuwa akishikilia vina, kijana mwingine, huru kabisa, alikuwa anavivunja. Euphrase Kezilahabi alizaliwa mwaka 1944 Namagondo, kisiwani Ukerewe, akapitia seminari, akaingia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1967, mwaka wa Azimio la Arusha. Mwaka 1974 akatoa Kichomi, diwani ya mashairi huru, na ugomvi ukawaka. Wanajadi walisema hayo si mashairi. Wengine walimwona amepotoshwa na usomi wa Kizungu. Maneno yalikuwa makali na yaliendelea kwa miaka mingi.

Ugomvi ule ungepungua joto kama watu wangetazama alikotoka kila mmoja. Abdilatif aliurithi ushairi wa vina nyumbani, kwa watu wake, katika Kimvita cha kuzaliwa. Kezilahabi alikulia katika Kikerewe. Ngano na nyimbo za utoto wake hazikuwa na mizani kumi na sita. Shairi la kimapokeo kwake lilikuwa jambo la kujifunza, na alijifunza vizuri, kisha akaamua kwamba sauti yake haimo humo. Kumwambia amesaliti jadi ni kudhani kwamba waandishi wote wa Kiswahili wana jadi moja, ya pwani. Kiswahili kilipopanda bara kilikutana na watu waliokuwa na nyimbo zao tayari. Kwa maoni yangu huo ndio urithi mkubwa wa Kezilahabi, na hauonekani mpaka uitazame ramani ya maisha yake.

Ni yeye pia anayenipa sababu ya kuonya. Rosa Mistika, ya mwaka 1971, inaanzia Namagondo, kijiji cha mwandishi. Baba wa Rosa, Zakaria, mlevi, anampiga bintiye kwa ajili ya barua ya mvulana, anamlea kwa kiboko na hofu. Binti anapotoka mbali na macho ya baba, hana kinga yoyote, na mwisho anajiua. Kitabu kilipigwa marufuku mashuleni kwa muda. Kisha ikaja Kichwamaji, na Kazimoto, mwanafunzi wa chuo kikuu kutoka Ukerewe, naye anajiua. Wasomaji wakajumlisha haraka: kijana wa Ukerewe, msomi, mtu aliyetoka seminari, basi huyu anajiandika mwenyewe, amekata tamaa ya maisha. Mpaka leo utaona majibu ya wanafunzi yamesema hivyo bila wasiwasi.

Yatazame maisha yenyewe. Mtu huyo "aliyekata tamaa" alifundisha sekondari, akarudi chuoni, akaandika tasnifu ya uzamili kuhusu riwaya za Shaaban Robert, akapata udaktari Wisconsin mwaka 1985, akaandika Nagona na Mzingile, riwaya fupi ambazo wengine bado wanahangaika kuzielewa, akafundisha Botswana kwa miaka mingi, na akafariki Januari 2020 akiwa na miaka 75. Kazimoto alikuwa swali alilolishughulikia, na baada ya kulishughulikia mwandishi aliendelea kuishi na kufanya kazi. Kilichotoka moja kwa moja katika maisha yake kiko mahali pengine: jina la riwaya ya kwanza ni sifa ya Bikira Maria katika litania, sala ya Wakatoliki, na kijana wa seminari alilijua vizuri. Kumpa jina hilo binti anayeangamizwa na malezi ya nyumbani kwake kulihitaji mtu aliyeisali litania hiyo mara nyingi na kuamini maneno yake. Wenye kupiga marufuku waliona uasherati. Nadhani hawakuuona uchungu wa kidini uliomo ndani ya kitabu kile.

Kwa Adam Shafi, mwandishi wa riwaya wa Zanzibar, jambo hili liko waziwazi zaidi, kwani yeye mwenyewe aliwekwa kizuizini Zanzibar baada ya kuuawa kwa Rais Karume mwaka 1972, na Haini, iliyotoka mwaka 2003, inatuingiza katika seli za wakati huo. Ilimchukua miongo mitatu. Abdilatif aliandika akiwa bado ndani. Shafi alisubiri nusu ya maisha. Msomaji anayejua hivyo ataelewa kwa nini Haini haina kelele za mtu aliyeumizwa jana.

Tunayajuaje haya yote? Swali hili linaniumiza kuliko mengine. Tunamjua Shaaban Robert karani kwa sababu aliandika maisha yake mwenyewe, na kwa sababu mdogo wake, Yusuf Ulenge, alizitunza barua alizoandikiwa tangu mwaka 1931 hadi 1958, zikachapishwa Dar es Salaam mwaka 2002. Mashairi ya Muyaka tunayo kwa sababu Mwalimu Sikujua wa Mombasa aliyakusanya kutoka vinywani mwa watu baada ya mtunzi kufa. Angekuwa mwingine, asiyejali, leo tungekuwa na jina tu.

Shaaban Robert alilielewa hilo. Alikwenda kwa Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu, kabla bibi huyo hajafariki mwaka 1950, akamsikiliza, akaandika wasifu wake: mtoto wa Fumba, muuza vyungu, aliyefika Bombay mwaka 1928 na sauti yake ikatiwa kwenye sahani za santuri. Alimwandika msanii aliye hai, wa kabwela, mwanamke, wakati ambapo hakuna aliyeona kwamba maisha kama yale yanastahili kitabu. Vitabu vya namna hiyo kuhusu waandishi wetu ni vichache mno. Vyuo vyetu vinatoa tasnifu kila mwaka juu ya dhamira na usawiri wa wahusika, na ni nadra kumtuma mwanafunzi Namagondo au Machui akiwa na daftari na kinasa sauti. Waliosoma na Kezilahabi seminarini wapo. Waliofundishwa naye Gaborone wapo. Zipo familia zenye masanduku ya barua, miswada iliyokataliwa, majibu ya wachapaji na hati za mishahara, na hazijui kama kuna mtu anazihitaji. Idara za Kiswahili ziwaandikie mwaka huu, ziombe nakala, na tasnifu moja katika kila tano iwe ya wasifu.